Kwa nini stelingi wa kikauboi huondoka mwisho wa picha?

Mtu wa Chumbageni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Swali hili ninalo tangu niko darasa la nne. Juzi usiku nimerudia kuiangalia Shane, sijui ni mara ya ngapi, likanikaba upya. Nimeona bora nilifungulie uzi tulichambue pamoja. Ni refu, nitaliandika kwa vipande.

Mtaani kwetu kulikuwa na banda la video, mabenchi ya mbao, mlango umezibwa kwa magunia mwanga usiingie. Tukiangalia picha ya kikauboi leo, kesho asubuhi ni mchezo. Bunduki zetu zilikuwa vikonyo vya majani ya mgomba: unachanja vilimi kwa juu, unavisimamisha, ukivipitishia mkono vinalia ta-ta-ta-ta. Hakuna aliyetaka kuwa Mhindi Mwekundu, kwa hiyo wadogo ndio walioangukiwa. Mpaka hapo mambo yalikwenda. Ugomvi ulianza mwishoni. Kwenye picha, stelingi akishawamaliza maadui hupanda farasi akaenda zake, na sisi tulitaka iwe vilevile: apande fimbo yake, avuke mtaro, atoweke. Kila aliyepewa ustelingi aligoma. Nimeua maadui wote, nimeokoa kijiji, halafu niondoke mimi? Tulibishana mpaka tunaitwa kula.

Wale watoto walikuwa na hoja.

Hebu tazameni zile kubwa zenyewe. Shane, 1953: Alan Ladd anaingia bondeni Wyoming, anafanya kazi kwa mkulima mlowezi, anamuua muuaji aliyekodiwa na tajiri wa ng'ombe, kisha anaondoka na jeraha lake huku mtoto akimwita. Anamwachia mtoto salamu za kumpelekea mama yake kwamba bonde sasa halina bunduki tena. High Noon, 1952: Gary Cooper, kwa msaada wa mkewe, anawamaliza majambazi wanne mji mzima ukiwa umejifungia, anaitupa nyota yake ya umashali mavumbini, anapanda gari la farasi na mkewe bila kuaga. The Searchers, 1956: John Wayne anamtafuta binti wa kaka yake miaka na miaka, anamrudisha, watu wote wanaingia ndani, yeye anabaki nje ya mlango, anageuka, mlango unafungwa. Na ile ya 1962, The Man Who Shot Liberty Valance, stelingi haondoki kwa farasi, anaondoka kwa jeneza la mbao, tena maskini, hata viatu amevuliwa.

Hawa si maadui. Ndio walioshinda. Kwa nini hawakai?

Jibu langu ni hili, na natoa kifua nipigwe: stelingi huondoka ili aibu ya kuitwaa ile ardhi iondoke naye. Bonde linabaki na watu wasio na damu mikononi, yaani mkulima, mwalimu, mchungaji na mama anayeoka mikate. Mtu mmoja kabeba mauaji yote mgongoni, katokomea nayo milimani. Mtazamaji anarudi nyumbani roho nyeupe.

Historia yenyewe ilikwenda kinyume. Waliofanya mauaji walikaa, wakawa magavana, wenye mabenki na wenye reli. Walioondoka walikuwa wengine kabisa. Kipande kinachofuata nitaeleza kwa kutumia Wyoming ileile ya Shane.

Mtu wa Chumbageni

Naendelea.

Kisa kilicho nyuma ya picha nyingi za aina ya Shane, tajiri wa ng'ombe dhidi ya wakulima wadogo, kilitokea kweli. Ni wilaya ya Johnson, Wyoming, Aprili 1892. Matajiri wa mifugo walikuwa na chama chao, na chama hicho kilikuwa na nguvu serikalini. Wakulima wadogo walipozidi kuja na kuweka seng'enge, matajiri wakawaita wezi wa ng'ombe. Wengine walikuwa wezi kweli, sikatai. Wengi kosa lao lilikuwa kukaa penye maji.

Basi wale matajiri hawakumsubiri mtu wa bastola atokee peke yake upeo wa macho. Walikodi genge, wengi wao kutoka Texas, wakajiunga nao wenyewe, jumla kama watu 50. Wakapanda treni maalumu kutoka Cheyenne hadi Casper, wakiwa na orodha ya watu wa kuua. Treni, wakuu! Kwenye picha, adui huja kwa farasi mweusi. Huku alikuja na behewa lake.

Wa kwanza waliyemzingira alikuwa Nate Champion, mfugaji mdogo, tarehe 9 Aprili. Walimuua mwenzake, Nick Ray, naye akawazuia kwa saa nyingi peke yake ndani ya kibanda cha magogo. Katikati ya risasi alikuwa akiandika kwenye kijidaftari cha mfukoni yanayotokea. Mwisho walisukuma mkokoteni wenye moto hadi kwenye nyumba, akatoka mbio, wakamuua. Kwangu mimi huyo ndiye stelingi wa kweli wa bonde lile, na hakupata nafasi ya kuondoka.

Habari zikafika mji wa Buffalo. Sherifu na wananchi zaidi ya 200 wakalizingira lile genge kwenye ranchi ya TA. Sasa hapa ndipo penye utamu, au uchungu. Unajua nani aliokolewa na jeshi? Kwenye picha, tarumbeta ikilia na farasi wa serikali wakija, wanakuja kuwaokoa wanyonge. Gavana wa Wyoming alimpigia simu ya maandishi Rais Benjamin Harrison, na wapandafarasi wa jeshi wakaja kutoka Fort McKinney kuwaokoa wavamizi mikononi mwa wananchi. Walikamatwa kwa heshima, wakapelekwa Cheyenne. Mashahidi walitoroshwa nje ya jimbo. Wilaya ikashindwa gharama za kuwatunza mahabusu. Januari 1893 kesi ikafutwa, hakufungwa hata mmoja.

Matajiri wakabaki Wyoming. Hakuna mtoto aliyewakimbilia akiwaita warudi, kwa sababu hawakwenda kokote.

Kibuyu Kikavu

Mkuu, uzi mzuri, ila unaitwisha picha mzigo usio wake. Stelingi anaondoka kwa sababu hadithi inanoga hivyo. Angekaa, ungemwona akipalilia mahindi na kugombana na mke, nani angelipa kiingilio?

Halafu nikubane kidogo. The Magnificent Seven ya 1960 imetoka kwenye Seven Samurai ya 1954, ya Kurosawa, mwongozaji wa Kijapani. A Fistful of Dollars ya Mtaliano Sergio Leone ya 1964 imetoka kwenye Yojimbo ya 1961, ya Kurosawa huyohuyo. Mgeni anakuja, anapiga, anaondoka. Sasa Japani kulikuwa na Wahindi Wekundu gani wa kufukuzwa? Ngozi hiyo imevaliwa na nchi nyingi. Usiseme ni ugonjwa wa Marekani tu.

Bint Vuga

Kibuyu, na mimi niongeze upande wa kinyume. Kwetu shujaa haondoki. Fumo Liyongo kawindwa na mfalme, kafungwa, katoroka, na mwisho kachomwa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba kitovuni. Alikwenda wapi? Alikwenda kisimani, akapiga goti, akatia mshale kwenye upinde, akafia pale pale. Mji mzima ukashikwa na kiu siku kadhaa, hawathubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Mji ulioshiriki kumuua uliilipa ile damu kwa koo zao. Hakuna aliyepanda farasi akatoweka na dhambi za watu.

Kwa hiyo si kweli kwamba kila hadithi hunogeshwa kwa kuondoka. Mtu anachagua.

Mtu wa Chumbageni

Bint Vuga, Mungu akubariki. Sikuwahi kumweka Liyongo kando ya Shane, na sasa sitaweza kuwatenganisha.

Kibuyu, hapo kwa Kurosawa umenibana kweli na nakubali. Umbo la hadithi linasafiri. Ila angalia kila mmoja anaondoka na nini. Samurai wa Kurosawa ni watu ambao tabaka lao linakufa, wanasimama mbele ya makaburi ya wenzao na kujua kwamba ushindi si wao, ni wa wakulima. Kauboi wa Leone anaondoka na hela. Hajidai kuacha bonde safi. Shane pekee ndiye anayeondoka ili walioachwa wawe safi. Hiyo nyongeza ndiyo ya Kimarekani, na inatokana na wazo moja lililoandikwa na mtu mwenye jina na tarehe.

Baada ya sensa ya 1890 ofisi ya sensa ya Marekani ilitangaza kwamba mstari wa mpaka wa makazi hauonekani tena kwenye ramani, nchi imejaa. Julai 1893, mjini Chicago, kwenye mkutano wa wanahistoria uliofanyika wakati wa maonyesho makubwa ya dunia, kijana Frederick Jackson Turner alisoma mada akisema mpaka huo ndio ulioumba tabia ya Mmarekani. Mtu wa Ulaya alipokutana na pori alivuliwa ustaarabu wa kale, akazaliwa upya akiwa huru, mbunifu, asiyepigia mtu magoti. Mpaka kwa maana yake ni pale ustaarabu unapokutana na ushenzi, na kule mbele kuna ardhi ya bure.

Ardhi ya bure! Neno hilo ndilo lililomeza mataifa yote ya wenyeji. Miaka mitatu tu kabla ya hapo, tarehe 29 Desemba 1890, jeshi liliwaua Walakota zaidi ya 150 pale Wounded Knee, wanawake na watoto wakiwemo. Ardhi haikuwa ya bure. Ilikuwa na mikataba. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwahakikishia Walakota milima ya Black Hills. Dhahabu ikaonekana, mkataba ukakanyagwa. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Marekani yenyewe ilikubali kwamba milima ile ilitwaliwa isivyo halali, ikaamuru fidia ya zaidi ya dola milioni 100. Walakota wamekataa kuzipokea hela hizo. Wanataka milima.

Sasa sikilizeni jambo lililonikosesha usingizi nilipolijua. Majira yaleyale Turner anasoma mada yake, nje kidogo ya uwanja wa maonyesho, Buffalo Bill alikuwa amepiga hema la sarakasi yake, anaonyesha vita vya Wahindi Wekundu kwa kiingilio, farasi halisi, baruti halisi. Na Wahindi wake walikuwa wenyeji halisi. Sitting Bull mwenyewe alizunguka naye mwaka 1885. Baada ya Wounded Knee, baadhi ya wafungwa wa Kilakota waliokuwa wamezuiwa Fort Sheridan waliachiwa ili wakaigize Ulaya pamoja na Buffalo Bill. Watu wametoka kuzika ndugu zao, wanapelekwa kuigiza kushindwa kwao jioni hadi jioni.

Sinema ilipokuja, haikubuni kitu. Iliikuta hadithi imeshapikwa, imeshapakuliwa.

Fundi Redio

Naomba kuuliza, wakuu, nisamehewe kama ni swali la kitoto. Kwenye picha zote hizi mlizotaja watu weusi walikuwa wapi? Mimi nilikua nikiamini hakukuwa na mtu mweusi kule magharibi kabisa.

Mtu wa Chumbageni

Fundi, hilo si la kitoto. Ndilo nililokuwa nalivizia.

Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika makauboi wa miaka ile ya kuswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda kwenye reli za Kansas, mmoja kati ya wanne alikuwa mweusi. Wengine wengi walikuwa Wameksiko, maana kazi yenyewe na maneno yake, rodeo, lariati na mengine, yametoka kwa wachungaji wao. Ukauboi ulikuwa kibarua. Vumbi, mshahara mdogo, miezi juu ya tandiko, bosi mjini. Na haukudumu. Njia ya Chisholm ilianza kutumika 1867, seng'enge ya Glidden ikapata hataza 1874, kisha baridi kali ya 1886 hadi 1887 ikaangamiza mifugo. Miaka 20, basi. Picha zimeifanya ionekane karne nzima.

Nat Love alizaliwa mtumwa Tennessee, akawa kauboi, akaandika maisha yake mwenyewe 1907. Bass Reeves, naye alizaliwa utumwani, alikuwa ofisa wa sheria wa serikali kuu katika eneo la wenyeji lililo Oklahoma ya leo, kuanzia 1875, akafanya kazi hiyo zaidi ya miaka 30 na kukamata watu zaidi ya 3,000. Kama kuna mtu aliyestahili picha tangu zamani, ni huyo.

Lakini kisa kinachoniuma ni cha The Searchers. Wengi wanaiita picha bora kuliko zote za aina yake, na mimi nakubali. Riwaya iliyoizaa iliandikwa na Alan Le May, ikatoka 1954, na miongoni mwa matukio yanayotajwa kuwa chimbuko lake ni mawili.

La kwanza ni Cynthia Ann Parker. Alitekwa na Wacomanche mwaka 1836 akiwa na miaka kama tisa. Alikua kwao, akaolewa, akazaa. Mwaka 1860 askari wa Texas walimkamata na kumrudisha kwa ndugu zake weupe. Kwenye picha hapo ndipo muziki unapopanda, binti anabebwa kifuani kurudi nyumbani. Cynthia halisi alijaribu kutoroka tena na tena arudi kwa wanawe. Hakuwaona tena. Alikufa na majonzi yake miaka kama kumi baadaye. Mwanawe mmoja, Quanah Parker, akawa kiongozi mkubwa wa Wacomanche.

La pili ni Britt Johnson. Mtu mweusi, aliyezaliwa mtumwa, wa Texas. Oktoba 1864 wapiganaji wa Kikomanche na Kikiowa walivamia bonde la Elm Creek yeye akiwa hayupo, wakaua mwanawe mmoja, wakamchukua mke wake Mary na watoto wengine. Johnson alitoka kuwatafuta, na mwaka 1865 akafanikiwa kuwapata. Aliuawa 1871 akiwa njiani na mikokoteni ya mizigo.

Basi mtafutaji wa kweli alikuwa mweusi, na alitafuta mkewe na watoto wake ili awarudishe. Mtafutaji wa picha ni mweupe, na sehemu kubwa ya safari anamtafuta binti yule ili amuue, kwa sababu ameishi na Wacomanche na kwake hiyo ni najisi. Anabadilika dakika za mwisho. John Ford, mwongozaji wake, alijua anachokifanya pale. Alimchukua stelingi mkubwa kuliko wote, akaonyesha chuki iliyokuwa ndani ya ule ujasiri. Ndiyo maana mlango unafungwa.

Sisibo

Habari za jioni, wadau. Mimi niko Eldoret, nimefuata uzi huu tangu asubuhi. Nina kitu cha kuchangia ambacho nadhani wengi hawakijui.

Mtu aliyeeneza hadithi hii ya mpaka kuliko hata Turner ni Theodore Roosevelt. Aliandika vitabu vinne kuhusu kutwaliwa kwa Magharibi, kuanzia 1889. Alikuwa na ranchi Dakota, baridi ileile ya 1886 hadi 1887 aliyoitaja mwanzisha uzi ilimfilisi mifugo. Basi alipomaliza urais Machi 1909, alikwenda wapi? Alikuja kwetu. Aprili akashuka Mombasa, akapanda reli ya Uganda, akakaa kwenye benchi mbele kabisa ya injini akitazama wanyama. Alitembea na mamia ya wapagazi, na wapagazi walimpa jina: anaandika mwenyewe kwamba aliitwa Bwana Makuba, na mwanawe Kermit akaitwa Bwana Maridadi. Kiswahili kiko ndani ya kitabu cha Rais wa Marekani kwa sababu ya wapagazi wale.

Na kila alipowaona walowezi wa Kizungu kwenye nyanda za juu, aliwafananisha na watu wa mpaka wa Marekani. Aliwapongeza. Aliona Magharibi ya pili.

Alifika Uasin Gishu. Mwaka mmoja tu kabla yake, 1908, Makaburu walikuwa wamepanda huku kutoka Nakuru na magari yao ya kukokotwa na maksai, msafara mrefu, kama picha yoyote ya kikauboi unayoijua. Walisema uwanda ni mtupu. Vita vya karne ya 19 vilikuwa vimewatawanya Wamaasai wa Uasin Gishu, na Wanandi waliokuwa wakichunga huko walikuwa wametoka kupigwa na Waingereza na kusukumwa kwenye eneo lao la kutengewa. Kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 kwenye mkutano aliouitikia kuzungumza amani. Miaka minne baadaye Roosevelt anaketi juu ya farasi kutazama vijana wa Kinandi wakimuua simba kwa mikuki. Alisifu sana miili yao na ujasiri wao. Nilisoma kurasa hizo nikawa natetemeka. Ni sarakasi ya Buffalo Bill, ila bila hema.

Mji wetu wazee bado wanauita Sisibo, kutokana na namba 64, yaani "sixty-four", ya shamba la mlowezi.

Bint Vuga

Sisibo, umenifanya nikae kitako.

Ninalotaka kusema ni kwamba watu wetu hawakuzipokea picha hizi kama walivyotakiwa kuzipokea. Baba yangu alikuwa mteja wa sinema ya Majestic hapa Unguja miaka ya sabini. Hakumpenda John Wayne hata siku moja, alimwona kama afisa wa wilaya. Aliyempenda alikuwa Django, ile ya Corbucci ya 1966, Franco Nero anaburuta jeneza kwenye matope na ndani ya jeneza mna bunduki kubwa. Maadui wa Django ni watu wa kofia nyekundu za kuficha uso wanaowapiga risasi Wameksiko kwa mchezo. Baba alikuwa akisema hapo ukumbi ulisimama. Walijua yule ni nani na wale ni kina nani, bila ya kufundishwa.

Picha hizo za Kitaliano zilipigwa Uhispania na Italia, na watu ambao hawakuwa na haja ya kuisafisha Wyoming. Labda ndiyo maana.

Kibuyu Kikavu

Nimesoma yote. Sijabadilika kabisa, ila la treni ya Cheyenne na la Britt Johnson yamenikaa.

Swali moja la pembeni: ile ya kusimama barabarani watu wawili, mkono juu ya bastola, nani mwepesi. Ilikuwepo?

Mtu wa Chumbageni

Ilikuwepo kwa nadra mno. Miji mingi ya mifugo ilipiga marufuku kubeba silaha mjini. Ukiingia Dodge City au Tombstone ulitakiwa uziweke. Hata ule mpambano maarufu wa Tombstone, tarehe 26 Oktoba 1881, ulianza kwa sababu kina Earp, ndugu waliokuwa walinda sheria wa mji, walikwenda kuwanyang'anya watu silaha kwa mujibu wa sheria ya mji. Ulichukua kama nusu dakika, wakafa watatu, wala haukuwa ndani ya zizi linalotajwa kwenye jina lake, O.K. Corral. Ulikuwa kwenye kiwanja kitupu pembeni ya nyumba ya mpiga picha. Nchi inayodhaniwa ilijengwa na bunduki mikononi mwa kila mtu ilijengwa na madiwani waliokataza bunduki.

Nimalizie na mahali. Mandhari ya Monument Valley, ile minara ya mawe mekundu, ndiyo sura ya Magharibi katika kichwa cha dunia nzima. Ford alianza kupiga picha pale na Stagecoach ya 1939, akarudi tena na tena. Texas ya The Searchers imepigwa pale, wakati Texas haina mawe yale. Eneo lile ni la Wanavajo. Mwaka 1864 jeshi liliwaswaga Wanavajo kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, New Mexico, wengi wakafa njiani na wengi wakafa kule. Mwaka 1868 walifanya lililokuwa adimu: walipata mkataba uliowarudisha kwao, wakarudi kwa miguu.

Kwa hiyo wale wapanda farasi mnaowaona kwenye picha za Ford, wakiitwa Waapache, wakiitwa Wacomanche, wakiitwa Wacheyenne, wakianguka chini kwa risasi ya stelingi, ni Wanavajo, wajukuu na vitukuu vya watu waliofukuzwa wakarejea. Ford akimaliza kupiga, anafungasha mitambo yake anarudi California. John Wayne anaondoka. Wao wanabaki, kwa sababu pale ni kwao, mpaka leo.

Fundi Redio

Mkuu, sijaangalia hata moja kati ya hizi. Nianze na ipi?

Mtu wa Chumbageni

Anza na The Man Who Shot Liberty Valance. Ni nyeusi na nyeupe, karibu yote imepigwa ndani ya studio, haina mawe wala machweo, watu wengi huidharau kwa hilo. Usiidharau. James Stewart ni mwanasheria ambaye amekuwa seneta kwa sifa ya kumuua jambazi. Aliyeua kweli ni John Wayne, gizani, akakaa kimya. Seneta anapowaeleza waandishi ukweli, mhariri anachana karatasi.

Ila nakuomba umtazame Pompey. Anaigizwa na Woody Strode, mtu mrefu mweusi, mchezaji wa zamani wa mpira wa Kimarekani. Ni mfanyakazi wa Wayne. Kuna darasa la watu wazima, Pompey anasimama kusoma kwa moyo tamko la uhuru wa Marekani, anasahau pale panaposema watu wote wameumbwa sawa. Mwalimu anamwambia wengi husahau pale. Baa hawataki kumpa kinywaji. Na usiku wa mauaji, yeye ndiye anayemrushia Wayne bunduki. Bila mkono wake hakuna seneta, hakuna jimbo, hakuna reli.

Picha inapoanza, kabla hujaelezwa lolote, yuko chumbani amekaa karibu na jeneza, mzee mwenye mvi. Seneta anampa hela kidogo, kisha yeye na mkewe wanapanda treni kurudi Washington. Pompey hatumwoni akipanda chochote.